Mkusanyiko wa mashujaa au maisha ya mtu mmoja? Kumchagulia binti kitabu cha wanawake wa historia

Ukiingia duka la vitabu ukaomba kitabu cha wanawake mashuhuri cha kumpa binti, mara nyingi utaletewa mkusanyiko: kila mwanamke na ukurasa wake, picha ya rangi upande mmoja, maisha yake kwa ufupi upande wa pili. Ni zawadi inayopendeza macho. Lakini kama lengo ni kumtia binti moyo wa kufanya jambo lake mwenyewe, mkusanyiko ni mlango tu, na sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kitabu kinachosimulia maisha ya mwanamke mmoja kwa urefu. Binti hapati nguvu kwa kuambiwa kwamba fulani alikuwa shujaa. Anaipata akiona fulani alifanya nini siku alipokwama, nani alimshika mkono, na kazi ilimchukua miaka mingapi. Hayo hayaenei katika maneno 300.

Hapa tunalinganisha aina za vitabu vinavyopatikana, tukitaja kila kimoja kinamfaa nani na kinaharibikia wapi.

Mkusanyiko

Uzuri wake ni upana. Binti wa miaka 8 hadi 11 ambaye bado hajui anapenda nini atakutana na rubani, mwanahesabu, malkia na mshairi kwa jioni moja. Asiyependa kusoma naye unamfaa, kwa sababu kila maisha yanaisha kabla hajachoka. Na shuleni nakala moja yaweza kuhudumia darasa zima, kila siku mwanamke mmoja asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza.

Ubaya wake ni kwamba ufupi hukata sababu na kubakiza tukio. Mfano ni Rosa Parks wa Montgomery, Alabama. Kwenye vitabu vingi vifupi anatokea kama mshonaji aliyechoka na kazi, akakataa kumwachia abiria Mzungu kiti ndani ya basi tarehe 1 Desemba 1955, na Marekani ikabadilika. Binti anayesoma hivyo anaondoka na somo kwamba historia ni bahati ya siku moja. Ukweli unamfaa zaidi. Parks alikuwa na miaka 42, na tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, mjini kwake. Miezi michache kabla ya kukamatwa alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati huko Tennessee. Usiku wa kukamatwa kwake, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha na wenzake wakichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwaita watu wasusie mabasi. Mgomo ukadumu siku 381. Hapo pana ofisi, kumbukumbu za mikutano, mashine ya kuchapia na wanawake waliokosa usingizi, na karibu yote ni mambo ambayo msichana wa sekondari anaweza kujifunza kuyafanya.

Ufupi pia hubeba makosa kutoka kitabu hadi kitabu. Vitabu vingi vya watoto vinarudia kwamba Harriet Tubman, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwani, aliwatorosha watumwa 300 kwa safari 19. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu wanataja watu wapatao 70 kwa safari zipatazo 13. Idadi hiyo haimpunguzii lolote, maana kila safari ilimrudisha Maryland, kulekule alikotoroka. Basi ukishika mkusanyiko wenye Tubman, fungua ukurasa wake kwanza. Ukikuta 300 bila maelezo, mtungaji amenakili kwa wenzake, na huenda kurasa nyingine amezifanyia hivyohivyo.

Ukishaununua, usimwache binti ausome mfululizo. Akifika mwanamke wa kumi wote wanafanana: walizaliwa, walikatazwa, walishinda. Wasome watatu kwa wiki, na kwa kila mmoja ulizeni pamoja swali moja: nani alimsaidia? Kitabu kisipojibu, mna sababu ya kutafuta kitabu cha pili.

Wasifu wa mwanamke mmoja

Kwa msomaji wa Kiswahili, wa kuanzia ni *Wasifu wa Siti Binti Saad* ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Hakusoma shule, aliuza vyungu. Alihamia mjini yapata 1911, akafundishwa kuimba, akapata wenzake wa kupiga ala, akina Subeit, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, na taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu akaiimba kwa Kiswahili ili watu wa mitaani waielewe. Mwaka 1928 yeye na kundi lake walikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Alifariki 1950.

Kinachomgusa msichana hapa ni namna Siti alivyopokea dharau. Walimtungia wimbo wa kumcheka kwamba alitoka shamba amevaa kaniki na kwamba bila sauti yake asingekuwa na cha kula. Naye akajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Msichana anayechekwa kwa sababu ya kijiji chake au mavazi yake anaona jibu lenye ufundi, lililotungwa na mtu aliyetafakari kabla ya kufungua kinywa.

Ugumu uko kwenye lugha. Shaaban Robert anaandika sentensi zenye mawaidha na misamiati ambayo mtoto wa darasa la sita hataimudu peke yake. Kwa hiyo kitabu hiki, ijapokuwa chembamba, ni cha kidato cha pili na kuendelea, au cha kusomewa kwa sauti: kurasa 4 kwa kikao zinatosha, msomaji mkubwa akisimama kwenye neno gumu na kulieleza palepale. Pia mwandishi anamstahi mno mhusika wake, kwa hiyo mengine yanapita kwa sifa. Dawa yake ni santuri zenyewe, ambazo baadhi zinasikika mtandaoni. Usikilize kwanza wewe, maana Siti aliimba hata habari za uhalifu na hukumu zisizo za haki: wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja. Kwa wasichana wa miaka 15 na zaidi ni mjadala mzito na wa lazima. Kwa wa miaka 10 bado.

Tawasifu: mwanamke akijisimulia mwenyewe

Hapa ndipo penye utajiri kuliko kwingine kote, na hapa ndipo tungemshauri mwenye fedha ya kitabu kimoja aanzie, ikiwa binti anasoma Kiingereza bila kuhangaika. Weka viwili sambamba: *Unbowed* cha Wangari Maathai, kilichotoka 2006, na kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, zilizochapwa kwanza kwa Kijerumani mwaka 1886.

Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Ubora wa kitabu chake ni kwamba hafichi kilichoshindikana. Aliporudi Nairobi 1966 na shahada mbili kutoka Marekani, kazi ya chuo kikuu aliyoahidiwa alikuta imepewa mtu mwingine. Mradi wake wa kwanza wa miche, kabla ya ule uliomtambulisha, ulikufa pamoja na miche yake. Ndoa ilivunjika mahakamani, akamkosoa hakimu hadharani, akafungwa. Mumewe wa zamani alipomtaka aache kutumia jina lake, aliongeza herufi "a" moja, kutoka Mathai kuwa Maathai, akaendelea na kazi. Mwaka 1977 Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ikaanza kwa miche saba iliyopandwa bustani ya Kamukunji. Mwaka 1989 alipinga ghorofa la sakafu 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Alitukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa. Nobel ya Amani ikaja 2004.

Sehemu ya kuisoma taratibu ni ile ya vikundi vya wanawake. Utaratibu wao uliandikwa katika hatua kumi, kuanzia kuunda kikundi na kutafuta kitalu hadi kurudi kukagua miti iliyoshika. Malipo yalikuwa madogo, senti nne za dola kwa mti, na yalitolewa kwa mti ulio hai tu, si kwa shimo lililochimbwa. Msichana anayeshika hilo ameelewa kazi ilivyoendeshwa, na anaweza kuliiga kesho kwenye kitalu cha shule.

Kasoro yake: sura za siasa za miaka ya 1980 na 1990 zina majina mengi, na msomaji wa kidato cha kwanza hupotea humo. Mwanzishe na utoto, penye mkuyu mkubwa ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na kijito chenye mayai ya vyura kando yake, kisha rukeni hadi miche na Uhuru Park. Yaliyobaki atayarudia akikua.

Salme ni habari nyingine. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, katika nyumba ambayo wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ukamtia hatarini: mwaka 1859, akiwa na miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua wafuasi wa kaka yake Barghash katika jaribio la kumpindua kaka yao mwingine, Majid. Lilishindwa. Mwaka 1866 alitoroka akiwa mjamzito wa mfanyabiashara Mjerumani, wakaoana Aden, na miaka mitatu na kitu baadaye mumewe akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akabaki na watoto watatu katika nchi ya ugeni. Kwa msichana anayeishi mbali na kwao, awe Hamburg, Muscat au Minneapolis, hakuna kitabu cha pwani kinachoeleza upweke wa aina hiyo kwa karibu zaidi.

Lakini usimkabidhi na kuondoka. Salme anatetea utumwa. Alikulia katika nyumba iliyoendeshwa na watumwa, na sura yake kuhusu jambo hilo inawalaumu zaidi Wazungu walioupinga. Anayeisoma bila mtu wa kujadiliana naye anaweza kuipokea kama ushahidi. Msomeni baada ya Siti, ambaye jina lake la utotoni linasema kitu kuhusu Unguja ileile ikitazamwa kutoka chini, kisha ulizeni: nani alikuwa akiteka maji katika ile nyumba ya Mtoni, na mbona hatuna kitabu chake?

Kwa ufupi, Maathai anafundisha jinsi ya kujenga kazi, naye Salme anafundisha gharama ya kuchagua. Kwa binti wa miaka 13 hadi 15 chukua Maathai. Kwa wa 16 na zaidi aliyekwisha kusoma historia ya Zanzibar shuleni, Salme atampa mengi.

Vitabu vya picha, riwaya na tenzi

Kitabu cha picha kuhusu mtu mmoja ndicho kinachofaa chini ya miaka 8, na bora ni kile chenye tendo moja linaloonekana: mbegu, kitabu, ndege, mzani. Kwenye mtandao wa African Storybook ipo hadithi ya picha ya Maathai kwa Kiswahili, ruhusa ya kuipakua na kuichapa ni bure. Chapa kurasa mbili kwa karatasi moja ya A4, ikunje, pigia pini mbili za stepla kwenye mkunjo. Ukichapa kwa rangi nyeusi tu, jaribu ukurasa mmoja kwanza, kwa sababu picha zenye giza hugeuka doa.

Riwaya ya kihistoria ina mvuto kuliko vyote, na hatari yake ni maneno ya kubuni. Mtoto ataapa kwamba malkia fulani alisema vile. Inunue pale tu ambapo mwandishi ameweka mwishoni maelezo ya kipi kilitokea na kipi amekitunga.

Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 hutajwa sana kwa sababu umetungwa na mwanamke wa Pate kwa ajili ya binti yake. Ni ushahidi mkubwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa watunzi. Lakini ndani yake sehemu kubwa ni mafunzo ya utiifu kwa mume. Kumpa msichana kama kitabu cha hamasa bila maelezo ni kumchanganya. Mpe kama fasihi, umwoneshe ustadi wa vina na mama mgonjwa anayemwachia mwanawe kile alichonacho.

Wa kwetu au wa mbali?

Chukua wote, ila wa kwetu atangulie. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Alipita kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, maana wanawake walikuwa tayari wamejipanga humo. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha 1971, akaachiwa 1972. Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam iko kwenye barabara yenye jina lake, na wasichana wengi wanaoingia humo hawajui alikuwa nani. Simulizi zake na za wenzake zilikusanywa na Susan Geiger katika kitabu cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU. Ni kitabu cha kitaaluma, cha Kiingereza, kinachomfaa mwalimu aandae kurasa mbili za Kiswahili kuliko kumkabidhi mtoto.

Wa mbali anafaa anapoleta hali ambayo binti ataitambua. Marie Curie, mwanasayansi aliyezaliwa Warsaw 1867, hutolewa kama mtu mwenye kipaji kisichofikika, na hapo binti hujiona mdogo. Tafuta kitabu kinachoeleza mapatano yake na dada yake Bronya: Marie alifanya kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba za watu ili Bronya asome udaktari Paris, kisha Bronya amsaidie naye asome. Alifika Paris 1891. Na kieleze pia kwamba gramu 0.1 ya kloridi ya radiamu ilitoka katika zaidi ya tani moja ya mabaki ya madini, yaliyochemshwa na kukorogwa bandani kwa miaka. Kitabu kinachoruka hadi Nobel za 1903 na 1911 kirudishe rafuni.

Dakika kumi dukani

Fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza. Hesabu maneno ya sifa, kama shupavu, jasiri, hodari, halafu hesabu vitendo: aliandika, alikopa, alikataa, alirudi. Sifa zikizidi vitendo, acha. Kisha tafuta mahali mhusika aliposhindwa. Kama kitabu kizima hakina, mwandishi anahubiri.

Angalia tarehe. Wanawake wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, kwa hiyo mwandishi mwaminifu husema "karibu na" au "inakadiriwa". Kitabu kinachotaja siku na mwezi wa kuzaliwa kwa Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kula kiapo cha kuwapinga Waingereza mwaka 1913, kimebuni.

Mpe binti mwenyewe asome ukurasa mmoja, akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni cha kusomewa. Mwisho, kifungue wazi katikati na utazame mgongo. Kilichobandikwa gundi tu kitaanza kutoa kurasa mikononi mwa watoto wengi, na kilichoshonwa kwa uzi hudumu. Vyovyote vile, kivalishe gamba la nailoni kabla hakijaazimwa mara ya kwanza.

Ukinunua kwa ajili ya kikundi

Kwa wasichana 20, nunua nakala 5 za kitabu kimoja, wasome wannewanne. Vitabu 20 tofauti vinavutia kwenye rafu, lakini hakuna wawili wanaoweza kuzungumza kuhusu ukurasa mmoja. Kikao cha dakika 40 kinatosha: 15 za kusoma kwa zamu, 15 za mazungumzo, 10 za kuandika mistari michache kwenye daftari ambalo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Vikundi hivi hufa kwa sababu zilezile. Mwalimu anageuza kitabu kuwa mtihani, na wasichana wanaacha kuja. Wanaosoma vizuri wanashika kitabu na wengine wanasikiliza tu. Kanuni iwe aya moja kila mmoja, na anayetaka kupitisha apitishe bila kuulizwa. Mtu mzima anafunga kila kikao kwa mawaidha, wakati mjadala ulikuwa umeshafika pazuri. Na wazazi wanasikia nusu ya habari, talaka ya Maathai au kutoroka kwa Salme, wakadhani watoto wanafundishwa ukaidi. Waite kabla ya kuanza, uwasomee wenyewe kurasa hizo.

Fedha iende wapi

Mwenye fedha ya kitabu kimoja: chini ya miaka 8, chapa hadithi ya bure ya Maathai na fedha ubaki nayo. Miaka 8 hadi 11, mkusanyiko uliopita mtihani wa Tubman. Miaka 12 hadi 15 na anasoma Kiswahili zaidi, Siti, kwa kusomewa. Anasoma Kiingereza vizuri, Maathai.

Mwenye fedha ya vitatu kwa binti wa sekondari: Siti, Maathai, Salme, kwa mpangilio huohuo. Kama kikundi kitasoma Maathai, tengeni pia mifuko 50 ya miche na mbegu za mti unaoota kwenu. Baada ya miezi mitatu hesabuni iliyo hai, na idadi hiyo ndiyo iandikwe kwenye daftari la kikundi.